MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: MZEE TULIYEMPITA



Mwezi huu nitawasimulia habari ya matembezi yetu ya siku moja. Tulikuwa watano katika motakaa: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, na shemeji yangu, mwenye kuendesha. Tuliondoka Mombo asubuhi, tukashika njia ya kupanda Lushoto. Ni mwendo wa kilomita 33 hivi, lakini haifai kuharakisha, maana njia hupindapinda ubavuni mwa mlima, upande huu jabali, upande huu bonde refu. Kule Mombo kuna joto; bali Lushoto ni juu kadiri ya mita 1,400, na mtu hutaka nguo nzito.

Tulipofika Soni tukasimama kutazama maporomoko ya maji. Watoto wakala mapeasi, mioyo yetu ikafurahi, na tulipoondoka tukaanza kuimba nyimbo za kanisani.

Mbele kidogo tukamwona mzee ameketi juu ya jiwe kando ya njia, na kikapu miguuni pake. Akainua mkono. Shemeji akapunguza mwendo, akanitazama. Nafasi ya mtu mmoja ilikuwako, nami nilijua. Lakini nilisema, "Twende tu. Ukungu ukitutangulia Irente, hatutaona kitu." Basi tukapita, na wimbo wetu hatukuukata.

Mtoto wangu mdogo akauliza, "Baba, mbona babu yule hatukumchukua?" Nikamjibu, "Atachukuliwa na wengine." Akanyamaza, wala hakuimba tena.

Huko Irente ukungu haukuwako. Tulisimama juu ya jabali, tukaona Mazinde chini kabisa, nyumba zake ndogo kama punje za mahindi, na nyika imetandazwa mpaka upeo wa macho. Nilitaka kumshukuru Mungu kwa uzuri ule, lakini maneno hayakuja. Kila nilipofumba macho nilikiona kile kikapu.

Jioni, tulipokuwa tukishuka, tukamkuta mzee yule yule akitembea kwa miguu kuelekea Soni. Safari hii sikungoja kuulizwa. Tukasimama, tukamwamkia, akapanda. Akasema, "Ahsanteni, wanangu. Nilikuwa nikimpelekea mke wangu chakula hospitali. Nimepata lori mchana, nikafika saa ya kuona wagonjwa imekwisha. Chakula kimepokewa mlangoni, lakini yeye sikumwona." Kisha akatutazama, akasema, "Asubuhi ilipita motakaa, watu wake wakiimba. Je, si ninyi?"

Nikasema, "Ndiyo, baba, ni sisi. Nafasi ilikuwako, nami nilikataa. Unisamehe."

Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mliimba vizuri." Akafungua kitambaa chake, akatoa ndizi mbili, akawapa watoto wangu.

Ndugu zangu, nimehubiri mara nyingi habari za yule Msamaria, na kila mara niliwashangaa kuhani na Mlawi. Siku ile nilijua jinsi walivyopita. Hawakuwa na chuki na mtu. Walikuwa na safari yao tu, kama mimi nilivyokuwa na yangu.

Tena tukumbuke tulikotoka. Wamisionari wa Betheli waliofika Mlalo mwaka 1891 walikuwa wageni katika milima hii ya Usambara. Kama wenyeji wasingaliwapa mahali pa kukaa, na kuwasikiliza, neno walilolileta lingalirudi nao pwani. Basi sisi tuliopokea neno lile tu watoto wa watu waliowapokea wageni.

Sisemi kila mtu aweza kumchukua kila msafiri. Wengine hatuna motakaa, na siku nyingine nafasi hakuna. Lakini kikombe cha maji chapatikana, na kumtua mtu mzigo wake kwapatikana, na kumwamkia kwa heshima hakugharimu senti. Hayo tuwafundishe watoto kwa kuyatenda, maana wao hututazama kuliko wanavyotusikiliza.

Tulimfikisha mzee mpaka mlangoni pake. Kesho yake asubuhi shemeji alimfuata tena, akamfikisha hospitali mapema, akamwona mke wake. Mtoto wangu aliposikia hayo, alianza kuimba peke yake.

Wasalaam,
Mwalimu wenu