"Mkayamalize Nyumbani" na Hoja Nyingine Zisizosimama

Mwanamke akipigwa na mumewe huwa na washauri wengi kuliko wasaidizi. Kabla hajafika kituoni ameshaambiwa na mawifi, na mjumbe, pengine hata na askari wa kaunta, kwamba anakosea. Hoja zao ni zilezile miaka nenda rudi.

"Mambo ya ndani hayapelekwi polisi." Anayesema hivi huongea kana kwamba sheria iko upande wake. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kimekuwapo kwa zaidi ya nusu karne. Kupiga ni shambulio, na shambulio ni jinai, mahari iwe imelipwa au haijalipwa. Shida ni kwamba wengi wetu hatujakikubali: utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wanaona zipo sababu za mume kumpiga mke. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Wifi anayesema "vumilia" mara nyingi naye amevumilia.

"Dawati linavunja ndoa." Dawati la Jinsia na Watoto la polisi halitoi talaka, hiyo ni kazi ya mahakama. Dawati huchukua maelezo faraghani, hufungua jalada na kutoa PF3, fomu ya polisi ya kupeleka hospitalini. Lawama yangu kwa baadhi ya madawati ni ya upande wa pili kabisa: yanasuluhisha mno. Mke mwenye jicho lililovimba anakalishwa benchi moja na aliyemvimbisha, wanapeana mikono mbele ya afande, wanaondoka pamoja. Ugomvi wa hela ya matumizi unasuluhishika. Mkono uliovunjwa ni kesi.

"Nani aliona?" Aliyebakwa naye huulizwa hivi, lakini ubakaji haufanywi uwanjani. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa neno la aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli, na Mahakama ya Rufani katika uamuzi wa 2006 unaonukuliwa hadi leo ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa. Hata hivyo vielelezo vinaipa kesi nguvu. Dada, usioge kwanza. Khanga usiifue, itie kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi.

"Bila PF3 hutibiwi." Fomu hiyo ni kielelezo cha kesi, haikuwekwa iwe tiketi ya matibabu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyosaidia. Saa hizo zikiishia kwenye foleni ya kituoni, hazirudi. Ndiyo maana vikaanzishwa vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, ambako daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Na PF3 haiuzwi. Ukidaiwa hela, mwone mkuu wa kituo.

"Wanawake wanasingizia." Wapo, kama walivyopo wanaosingizia wizi wa ng'ombe, na hakuna aliyependekeza polisi waache kupokea kesi za mifugo.

"Hata akikamatwa, kesho yuko nje." Hii ndiyo hoja yenye uzito, na haijibiwi kwa semina za askari. Mtuhumiwa ana haki ya kuomba dhamana. Akiipata anarudi kulala nyumba ileile na aliyemshitaki. Kenya ilitunga mwaka 2015 sheria ya ulinzi dhidi ya ukatili wa majumbani, na mahakama za huko zinaweza kumwamuru mtu asimkaribie mwenzake. Tanzania Bara hatuna sheria mahsusi ya namna hiyo. Kuna na jingine. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu ubakaji, kosa ambalo kwa mtu mzima adhabu yake haipungui miaka 30 jela, hakimhesabu mume kuwa amembaka mkewe isipokuwa wawe wametengana. Mke anayeishi na mumewe akifika dawatini na kueleza aliyolazimishwa usiku, askari, hata awe na utu kiasi gani, hawezi kuandika "ubakaji" kwenye jalada. Atatafuta shambulio, atafute majeraha. Deni hilo si la polisi. Ni la Bunge.