Kateni Hayo Masanduku

Mtu wa kwetu akitaka kununua kompyuta ya mezani huuliza bei ya "CPU". Hamaanishi prosesa, kile kipande kisichofikia ukubwa wa kiberiti kinachofanya hesabu zote. Anamaanisha sanduku zima la chuma lililo chini ya meza. Walimu wa kompyuta hulisahihisha kosa hili wakacheka, kisha wakaendelea na somo. Mimi sicheki. Jina hilo limetolewa na watu ambao hawakuwahi kuruhusiwa kulifungua sanduku. Ukizuiwa kuingia ndani ya nyumba, vyote vilivyomo utaviita nyumba.

Hoja yangu ni fupi. Sanduku la kompyuta kama linavyotoka kiwandani halikupimwa kwa hewa yetu, na anayeliogopa kulikata ili liendane na hewa hiyo anasaidia kuiua mashine. Natengeneza kompyuta Dar es Salaam, na nyingi zinazoletwa mezani kwangu hazikuugua ugonjwa mwingine wowote. Zimepikwa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi hudhani feni hutengeneza ubaridi. Feni hutoa joto kwenye chuma na kulikabidhi hewa, basi. Haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoivuta. Chukua prosesa ambayo ikifanya kazi hupanda nyuzi 45 juu ya hewa inayoizunguka. Kwenye ofisi ya nyuzi 20 itafika 65, na itaishi kwa amani. Ilete Februari kwenye chumba chenye paa la bati lisilo na dari, hewa ikiwa nyuzi 36, na itafika 81. Hapo bado hatujahesabu kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku huwa na joto kuliko ya chumbani. Ikizidi kwa nyuzi 10 tu, umefika 91. Prosesa nyingi zikikaribia 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Mwenye mashine anaona inakuwa nzito na kuganda. Anasema imeingia virusi, analipa mtu aifute na kuweka Windows upya, na wiki ijayo imekuwa nzito tena.

Joto lina mauaji mengine ya polepole. Ndani ya pawasaplai, na kwenye mazabodi nyingi, kuna kapasita zenye majimaji, zile zinazofanana na vikopo vidogo. Mafundi wa umeme wana kanuni ya kukadiria: kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itadumu kama saa 32,000 ikikaa kwenye nyuzi 65, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu bila kuzimwa. Iweke kwenye nyuzi 75 na saa hizo zinakuwa 16,000. Haipigi kelele wala haitoi onyo. Inavimba kichwa, halafu siku moja mashine haiwaki.

Jibu la wenye fedha ni kiyoyozi, na wanalitoa kana kwamba wamemaliza mjadala. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 cha aina ya kawaida hula karibu wati 900. Feni mbili za milimita 120 hula kama wati nne zote kwa pamoja. Nani kati yetu hana habari na bili ya umeme? Na kwa sisi wa pwani kuna jambo jingine. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kudondosha umande ikigusa kitu chenye ubaridi chini ya nyuzi 26 hivi. Chumba kikipozwa usiku kucha hadi 20, umeme ukakatika alfajiri na mtu akafungua madirisha, chuma cha mashine kitatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Wasioamini waje niwaonyeshe mazabodi zenye kutu ya kijani, zilizotoka kwenye ofisi nadhifu zenye mazulia.

Basi tufanye nini? Tutoboe. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kompyuta mambo yamegeuka, usipotoboa tundu utanunua mashine nyingine.

Sanduku la ofisini huvuta hewa kupitia vijitundu vya mbele vilivyojificha nyuma ya plastiki ya urembo, na huitoa kwa feni moja ndogo ya nyuma. Weka kiganja mbele yake mashine ikiwa inafanya kazi. Kama husikii hewa ikivutwa, hiyo mashine inapumua kwa pua iliyobanwa. Ng'oa plastiki. Toa kila kitu ndani: mazabodi, diski, pawasaplai, nyaya, libaki bati tupu. Hatua hii haina mjadala, kwa sababu chenga za chuma zikidondokea mazabodi zitaunganisha umeme mahali pasipotakiwa. Bandika selotepu ya karatasi kwenye bati na uchore juu yake. Matundu manne ya skrubu ya feni ya milimita 120 yako mraba, umbali wa milimita 105 kutoka moja hadi jingine, iwe imetengenezwa na kiwanda chochote. Kata duara kwa msumeno wa tundu. Kama huna, peleka bati kwa mafundi wa Gerezani na mchoro wako. Watu wanaotengeneza majiko na masanduku ya wanafunzi wa bweni hawashindwi na duara moja. Piga tupa kingo zisikate vidole, paka rangi palipokatwa kwa sababu chumvi ya bahari haisubiri, kisha funga feni.

Kwa nini feni kubwa? Kwa sababu eneo lake ni mara mbili na robo ya lile la feni ya milimita 80, kwa hiyo inaweza kusukuma hewa ileile ikizunguka taratibu. Feni ya taratibu haikupigii kelele usiku. Kisha hakikisha hewa inayosukumwa ndani ni nyingi kuliko inayotolewa. Hewa iliyozidi itatafuta njia ya kutokea kwenye kila ufa, na vumbi litakosa mlango. Likibakiwa na mlango mmoja tu, yaani feni za mbele, ni rahisi kuweka mlinzi pale: kipande cha sponji jepesi unachokitoa kila Jumamosi, unakifua, unakianika, unakirudisha. Kwa fundi cherehani, ambaye nyuzi za vitambaa huziba mashine yake ndani ya miezi michache, sponji hilo lina faida kuliko prosesa mpya.

Sanduku ukishalikubali kuwa ni bati tu, linakubali mengine. Mwenye duka la kuchapisha aliniletea mashine ya ofisini yenye pawasaplai ya umbo la ajabu na plagi za ajabu, mali ya kiwanda kimoja peke yake. Ilikuwa imekufa, na mbadala wake haukuonekana popote Kariakoo. Kipimo cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995, kinataja mahali pa skrubu na ukubwa wa mazabodi, milimita 305 kwa 244, ili vifaa vya viwanda mbalimbali vikae pamoja. Wauzaji wa mashine za ofisini hukikwepa ili urudi kwao. Tulikata ukuta wa nyuma, pawasaplai ya kawaida ikakaa kwa ribiti na kipande cha bati, na waya wa kubadilishia plagi ukamaliza ubishi. Kwenye nafasi iliyobaki tukaongeza diski mbili na feni ya kuzipoza. Prosesa iliyokuwa ikigonga 97 akichapisha vitabu vya wanafunzi sasa haivuki 76. Duka ni lilelile, na joto la chumba halijabadilika.

Kuna sanduku moja tu ninalosema lisifunguliwe: lile la pawasaplai yenyewe. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa kule ndani unakaa kwenye kapasita kubwa kwa zaidi ya volti 300, na unaweza kubaki humo baada ya kuchomoa waya. Hilo ndilo onyo la kweli. Tazama sasa lilivyo tofauti na lile la stika ndogo ya ubavuni inayosema ukiibandua, waranti imekwisha. Onyo la kwanza linalinda maisha yako, la pili linalinda biashara ya mtu. Huko Marekani ipo sheria ya tangu mwaka 1975 inayowabana watengenezaji katika mambo ya waranti, na mwaka 2018 tume yao ya biashara iliziandikia kampuni kadhaa barua za onyo kuhusu masharti ya aina hiyo. Sisi huku tunaiheshimu stika hiyo kwenye mashine iliyotumika miaka sita Ulaya, ikaja kwa kontena na kununuliwa bila risiti. Waranti gani tunayoilinda?

Najua wapo watakaosema, "Lakini fundi, siku hizi kuna masanduku mazuri ya vioo, yana na taa." Yapo, nayaona madukani yakiwaka kama ukumbi wa harusi. Mengi yana kioo mbele, mahali palepale pa kuingilia hewa. Hata yale ya kupoza kwa maji hayakwepi hesabu yangu: maji hubeba joto na kulipeleka kwenye rejeta, na rejeta hulitua kwenye hewa ya chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 36, maji hayatashuka chini ya 36. Siwadharau vijana wanaoyapenda. Lakini waliouanzisha mchezo huu wa kurekebisha masanduku walikuwa na misumeno mikononi. Anayenunua sanduku lililokwisha kurekebishwa kiwandani amenunua picha ya ufundi wa mtu mwingine.

Hasira yangu kubwa lakini si kwa vijana wa taa. Niliitwa na shule moja ya sekondari iliyopewa kompyuta 20 za msaada. Baada ya miaka miwili, 11 zilikuwa haziwaki. Zilipangwa ukutani vizuri, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, na zilizo hai zilifunikwa hata zikiwa zinafanya kazi, ili vumbi lisiingie. Ubaoni palichorwa picha ya kompyuta na sehemu zake, wanafunzi wamekariri. Nilipotoa bisibisi, mwalimu aliyekuwa akisimamia chumba alinishika mkono.

"Fundi, samahani. Mkataba unasema zisifunguliwe."

"Na zilizokufa, mwalimu?"

Alikwenda kuuliza. Mkuu wa shule akaruhusu tatu, akasema maiti hadhuriki. Ndani tulikuta vumbi limelala kama blanketi juu ya mapezi ya aluminiamu ya prosesa. Wanafunzi wa kidato cha tatu walilipuliza, wakafuta grisi iliyokauka wakapaka mpya, wakachora duara, wakakata, wakapiga tupa. Mbili kati ya tatu ziliwaka. Msichana mmoja alisogeza uso mbele ya feni akasema, "Kumbe inavuta kweli." Hicho ndicho kipindi cha kompyuta nilichokuwa nakitamani nilipokuwa na umri wake.

Wafadhili walipokuja kukagua, wakaziona zile mbili zenye matundu mbele. Zikaandikwa "zimeharibiwa" na kuondolewa kwenye orodha ya mali. Zile tisa zisizowaka, zilizofunikwa vitambaa, ziliandikwa "nzima, zinasubiri matengenezo". Karatasi ile niliisoma mara mbili.

Hapo ndipo ninapopigana. Msaada unaokuja na amri ya kutofungua unamfundisha mtoto kwamba kitu cha thamani ni kile asichokigusa, na kwamba tundu alilolitoboa kwa kipimo ni uharibifu ila kifo cha kimya kimya ni utunzaji. Atatoka shuleni na cheti, na mashine ikiganda atasema imeingia virusi.

Na si kweli kwamba tunakiuka desturi yoyote ya kompyuta. Mwaka 2011 nchini Ufaransa ulianza mradi wa Jerry, wa kuunda kompyuta kwa vipuri vilivyotupwa ndani ya dumu la plastiki la lita 20, na vijana wa Côte d'Ivoire wakaudaka mara moja. Dumu lilelile la kuchotea maji likawa sanduku. Na sisi tuliokaa kwenye nyumba za mawe zenye dari za juu na ua katikati, tuliorithi maarifa ya kuiongoza hewa nyumbani, ndio tunaotishwa na bati la milimita moja?

Walimu wakuu, kataeni kipengele hicho kabla hamjapiga muhuri. Ombeni pamoja na kompyuta 20 bisibisi mbili, blowa, grisi na feni za akiba. Thamani yake yote haifiki bei ya mashine moja. Wenye maduka, toeni hivyo vitambaa leo. Vijana, anzeni na iliyokufa. Toa kila kitu, chora, kata, piga tupa, funga, washa. Kisha weka kiganja mbele ya feni.