Mpaka wa Gisenyi na Goma: Darasa pekee halimtoshi mfanyabiashara mgeni

GISENYI. Mfanyabiashara mdogo anayeanza kuvusha bidhaa kutoka Gisenyi kwenda Goma hujifunza kazi kwa njia mbili. Ama anashikwa mkono na aliyemtangulia, ama anafundishwa na hasara. Mara nyingi hiyo ndiyo tofauti kati ya anayebaki sokoni na anayemaliza mtaji kabla hajawajua wateja wake.

Kabla ya janga la Korona, makumi ya maelfu ya watu walipita kila siku katika kivuko cha Petite Barrière, wengi wao wakitembea kwa miguu. Sehemu kubwa ya wachuuzi wa hapo ni wanawake wenye nyanya, vitunguu, kabichi, maziwa au sambaza wa Ziwa Kivu. Kwao mpaka ndio mahali pa kazi. Lakini mahali hapo pa kazi hapana meneja wala utaratibu wa kumpokea anayeanza.

Katika kampuni kubwa, mwajiriwa mpya hukabidhiwa mkongwe wa kumlea kikazi. Mpakani kazi hiyo hufanywa na mama aliyezoea njia, bila barua wala mshahara. Yeye humfundisha mgeni kukagua noti ya dola, kwa kuwa iliyochanika hata kidogo hukataliwa Goma. Humwonyesha mteja wa kupewa mali kauli na yule ambaye hatarudisha fedha. Humzoesha kudai risiti kila anapolipa.

Humweleza pia jambo ambalo wengi hawalijui: amri ya serikali ya Kongo ya mwaka 2002 ilitaja idara nne tu za kufanya kazi mpakani, yaani forodha, uhamiaji, ukaguzi wa ubora na afya. Anayejua hilo ana haki ya kuuliza pale anapotokea mtu wa tano akidai malipo.

Utafiti ulichoonyesha

Je, mambo hayo hayawezi kufundishwa darasani? Watafiti wa Benki ya Dunia walijaribu hilo katika mpaka huu huu na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Wachuuzi waliochaguliwa kwa kura walifundishwa viwango vya ushuru, taratibu na haki zao, kisha wakalinganishwa na wenzao ambao hawakufundishwa.

Mafunzo yalisaidia. Idadi ya waliotoa rushwa ilipungua kwa takriban pointi 5 za asilimia, na waliopatwa na ukatili wa kijinsia ikapungua kwa pointi 5.4. Hata hivyo, watafiti walipotafuta sababu waligundua kwamba maofisa hawakuwa wamebadilika, wala wachuuzi hawakuwa wameanza kulalamika. Waliofundishwa walianza kuvuka alfajiri, kabla ya saa rasmi za kazi, ili wasikutane na wanaowasumbua.

Maana yake ni kwamba elimu iliwapa njia ya kukwepa, lakini haikuwapa sauti. Anayekwepa leo ataendelea kukwepa kesho, na siku akichelewa kuamka atalipa kama zamani. Utafiti huo haukupima ulezi wa kikazi, lakini unaonyesha pengo ambalo ulezi unaweza kuliziba. Mchuuzi mwenye orodha ya ushuru mkononi bado yuko peke yake mbele ya kaunta. Akisimama na mkongwe anayejulikana hapo, ana shahidi, na ofisa anajua hivyo.

Wanaoachwa nje

Tatizo ni kwamba ulezi wa sasa hufuata undugu, kanisa na ujirani. Mwenye shangazi sokoni anapata mlezi. Msichana aliyetoka wilaya nyingine, mjane asiye na jamaa mjini, au mtu mwenye ulemavu anayevusha mizigo kwa baiskeli ya magurudumu matatu, huangukia mikononi mwa vishoka wanaouza kwa bei yao taarifa ambazo wengine huzipata bure.

Ndiyo maana ulezi unapaswa kuwa wajibu wa ushirika badala ya hisani ya mtu mmoja. Somo hilo lilionekana tangu Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya Korona na malori ya mizigo pekee yakaruhusiwa. Wachuuzi walilazimika kuunganisha bidhaa zao na kuzisafirisha kwa pamoja. Aliyekuwa na kikundi alikuwa na pa kuweka mzigo wake. Asiyekuwa nacho alibaki nyumbani.

Ushirika unaweza kuanza na mambo machache: kila mwanachama mpya apewe mlezi anayetajwa kwa jina katika daftari, kwa muda unaojulikana, tuseme miezi mitatu, mlezi asichukue fungu katika faida ya mgeni wala asimgeuze mchukuzi wake, na wenye ulemavu wapangiwe walezi wanaoujua usafiri wao. Gharama yake ni ndogo, kwa kuwa vikundi vya akiba, ikimina upande wa Rwanda na likelemba upande wa Kongo, tayari vinawakutanisha wanachama.

Lipo pia suala la mlezi mbaya. Mkongwe anaweza kumrithisha mgeni mazoea ya kutoa kitu kidogo na kupita njia za panya. Anaweza pia kufundisha mambo yaliyopitwa na wakati. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini uanachama huo haukufuta ushuru Goma kwa siku moja. Cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya, kwa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000, na utaratibu rahisi wa biashara wa COMESA ni vitu viwili tofauti, na mchuuzi anahitaji kujua ni kipi kinachokubaliwa mahali anapovuka.

Tangu M23 ilipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, ugumu umeongezeka. Benki za mji huo zilifungwa na utawala ukabadilika. Aliyoyajua mkongwe mwaka 2024 huenda yakamponza mgeni leo. Walezi wenyewe wanahitaji kufundishwa upya, hasa na madawati ya taarifa za biashara yaliyoanzishwa mipakani kupitia COMESA ili kuwahudumia wafanyabiashara wadogo.

Wakongwe wengine watauliza kwa nini wamfundishe mtu atakayegombea wateja nao. Jibu liko kaunta. Kila mgeni anayelipa bila risiti humzoesha ofisa bei mpya, na bei hiyo hudaiwa kwa wote wanaofuata, pamoja na mkongwe aliyenyamaza. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa Petite Barrière, mwenyeji atapona tu kama mgeni huyo amefundishwa kudai risiti yake.