Mgeni wa misheni na jembe la mwethya

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi mapema Agosti, vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofungwa kwa likizo ya kiangazi, barabara ya kutoka Nairobi kuja Machakos hupitisha mabasi madogo yaliyojaa vijana wa kigeni waliovalia fulana za rangi moja. Hawa ni wanafunzi waliotumwa na makanisa yao kuja kuhudumu kwa muda wa wiki mbili hivi. Hupaka rangi madarasa, hufundisha watoto nyimbo na hadithi za Biblia, hugawa madaftari na kalamu, na siku ya soko husimama kushuhudia imani yao. Wengi hushangaa kukuta milima ya Iveti imefunikwa na ukungu na watoto wakitetemeka kwa baridi, maana walikwisha kuambiwa kwamba Afrika ni jua tu.

Mimi ni mwalimu, na nimewapokea wageni wa namna hii zaidi ya mara moja katika shule ambayo sitaitaja. Sina kinyongo nao. Waama, Mswahili hakukosea aliposema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini Mswahili huyo huyo alisema pia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tatizo la safari hizi, nionavyo mimi, ni kwamba mgeni huja na jembe lake mwenyewe, tena akiwa amekwisha kuamua shamba atakalolima, ilhali mwenyeji amesimama kando akipiga makofi.

Mwaka mmoja walikuja vijana ishirini kutujengea darasa. Walikuwa wachangamfu na wacha Mungu, na hapana hata mmoja aliyewahi kushika mwiko wa fundi. Kufikia alasiri ukuta ulikuwa umekwenda mshazari. Jioni, wageni walipokwisha kurejea hotelini, fundi wetu aliibomoa safu tatu za matofali na kuzijenga upya kwa mwanga wa taa, ili asubuhi vijana wa watu wasivunjike moyo. Alifanya hivyo usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Nilipomuuliza kwa nini hasemi, alinijibu, "Mwalimu, hawa watoto wana upendo mwingi, lakini ukuta haujui upendo, unajua timazi." Kazi ya mchana alilipwa; ile ya usiku hakulipwa na mtu.

La kusikitisha zaidi ni kwamba hatukuwa na haja ya darasa. Tulikuwa na haja ya tangi la maji, kwa kuwa wasichana wetu walikuwa wakibeba mitungi tangu alfajiri na kuingia darasani wakiwa wamechoka. Mkuu wa shule alilijua hilo, nasi tulilijua, lakini barua kutoka ng'ambo ilikwisha kutaja darasa, na picha ya darasa ilikwisha kuonyeshwa waumini waliochanga fedha. Mkuu wa shule aliogopa kwamba akikataa darasa hatapata darasa wala tangi. Simlaumu. Mdomo wa anayepewa huwa mzito.

Kwa watu wa Machakos, mmishonari si kiumbe kipya. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, aliwasili mwaka 1895 pamoja na wenzake, na kabla ya mwaka huo kwisha walikuwa wamepiga kambi Nzaui, mahali ambapo leo pamo katika Kaunti ya Makueni lakini zamani pakihesabiwa Machakos. Scott alifariki Desemba 1896 akiwa na umri wa miaka 29 tu, na wenzake kadhaa ama walikufa ama walirejea kwao katika miaka michache iliyofuata. Mmoja wao, Willis Hotchkiss, alisimulia baadaye kwamba alitafuta kwa miaka miwili na nusu neno la Kikamba linalobeba maana ya mwokozi. Hakulipata kwa kuuliza. Alilipata siku alipomsikiliza Mkamba akisimulia jinsi mtu alivyookolewa katika makucha ya mnyama mkali. Siwatakasi wamishonari wa kale. Wamo waliodhani ngoma zetu zote ni dhambi na ardhi yetu haina mwenyewe. Hata hivyo, mtu aliyesubiri miaka miwili na nusu kwa ajili ya neno moja alikuwa amekubali kuwa mwanafunzi wa wenyeji wake. Kijana wa wiki mbili huondoka hajajua hata kuamkia.

Hoja hii haikuanza na mimi. Mwaka 1971, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alisimama mbele ya Wamarekani mjini Milwaukee na kutaka kutumwa kwa wamishonari na fedha zao kusitishwe kwa muda, ili makanisa ya huku yapate kujisimamia. Mwaka 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote lililijadili na kuliunga mkono wazo hilo huko Lusaka. Wengi walikasirika, hata miongoni mwetu. Mzee Gatu alifariki mwaka 2017 akiwa ameona jambo ambalo pengine hakulitazamia: wamishonari wa kukaa miaka thelathini walipungua, na mahali pao pakachukuliwa na wageni wa wiki mbili. Mwanasosholojia Robert Wuthnow alikadiria kwamba katikati ya miaka ya 2000 Wamarekani wapatao milioni 1.6 walikuwa wakifanya safari za misheni nje ya nchi yao kila mwaka.

Je, safari hizo huzaa nini? Baada ya tufani ya Mitch kuiharibu Honduras mwaka 1998, vikundi vingi vya makanisa kutoka Amerika ya Kaskazini vilikwenda kuwajengea watu nyumba. Mtafiti Kurt Ver Beek alifuatilia kazi hiyo. Aligundua kwamba nyumba iliyojengwa na kikundi cha wageni, ukijumlisha nauli na matumizi yao, iligharimu takriban dola 30,000, ilhali mashirika ya wenyeji yalijenga nyumba ya namna hiyo kwa dola 2,000 hivi. Waliopewa nyumba hawakuonyesha tofauti kubwa, iwe waliijengewa na mgeni au na mwenyeji. Na wale vijana, waliorudi kwao wakisema maisha yao yamebadilika, hawakuonekana baadaye kubadilika sana katika utoaji wao wala katika sala zao.

Msomaji atanijibu kwamba bila safari fedha hizo zisingepatikana kabisa. Ni kweli. Mtu hutoa kwa ajili ya mtoto wa jirani yake anayesafiri, hatoi kwa ajili ya tangi la maji la watu asiowajua. Hoja hiyo ina uzito, nami sijapata jibu la kuimaliza. Ninachokataa ni kuifanya iwe sababu ya kunyamaza.

Kunyamaza kwetu kumewagharimu watoto. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 40 kijana wa Oklahoma aliyekuwa akija kujitolea katika makao ya watoto jijini Nairobi, baada ya kuthibitika kwamba aliwanajisi watoto humo. Mwaka 2021 Mmarekani mwingine, aliyekuwa ameanzisha makao ya watoto huko Bomet, alihukumiwa zaidi ya miaka 15 kwa makosa ya aina hiyo. Sisemi kwamba kila mgeni ni mwovu, hasha! Nasema kwamba milango ilifunguliwa bila maswali kwa sababu waliobisha walikuwa wageni, tena wa dini. Sheria ya Tume ya Huduma ya Walimu ya mwaka 2012 inakataza mtu asiyesajiliwa kufanya kazi ya ualimu. Sisi walimu tunaijua sheria hiyo, na tunaidai kwa nguvu anapoajiriwa kijana wa Kitui asiye na cheti. Basi kwa nini tumkabidhi mgeni wa miaka kumi na tisa darasa zima la watoto, kisha tukae ofisini tukinywa chai?

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba Wakamba tunao utaratibu wa kumpokea mtu anayetaka kusaidia. Unaitwa mwethya. Mwenye kazi ndiye anayeita. Yeye ndiye anayesema ni tuta gani lichimbwe na lipite wapi, na yeye ndiye anayewalisha waliokuja. Aliyeitwa huja na nguvu zake, na kesho akiwa na kazi yake huita naye. Hapana mfadhili katika mwethya.

Utaratibu huo umefanya makubwa. Mnamo mwaka 1937, afisa wa kilimo Colin Maher aliandika kwamba ardhi ya Machakos inaangamia kwa mmomonyoko. Serikali ya kikoloni ilitaka kuwapunguzia watu mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga. Serikali ilipowalazimisha watu kuchimba matuta ya kukinga maji, kazi ililegalega. Ilishika pale vikundi vya mwethya, vyenye viongozi vilivyowachagua vyenyewe na vingi vikiwa vya wanawake, vilipoifanya kuwa kazi yao. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Lile tuta la mchanga wa juu, ambalo udongo wake hutupwa upande wa mlima, linajulikana na wataalamu wa nchi nyingi kwa jina lake la Kiswahili: fanya juu.

Huko Kola, kuanzia mwaka 1978, Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni walijenga mabwawa ya mchanga kwa mtindo huo huo wa kusaidiana. Ukuta wa saruji hujengwa juu ya mwamba, ukikata mto wa msimu. Mvua huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha katikati ya chembe zake, ambako jua haliyafikii wala mbu hawazai. Hata theluthi moja ya kile unachokiona kuwa mchanga mkavu yaweza kuwa maji. Mabwawa haya hujengwa wakati wa kiangazi chetu, miezi ile ile ambayo mabasi ya wageni hupita kwenda kupaka rangi madarasa. Kijana mwenye nguvu akiitwa kubeba mawe pamoja na kina mama wa kikundi, chini ya amri ya kina mama hao, atabeba mawe. Huenda hata akajifunza kitu cha kupeleka kwao, maana ukame haupo Ukambani peke yake.

Kabla sijaonekana kuwasuta wageni tu, niwageukie wanafunzi wetu. Vyama vya Wakristo katika vyuo vikuu vya Kenya navyo huandaa misheni wakati wa likizo, na vijana hupanda mabasi kwenda kaskazini kwa wiki moja, wakiwa na fulana za rangi moja. Mwaka jana alinijia kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni katibu wa chama cha namna hiyo, akitaka mchango. Nilimuuliza, "Mmeitwa na nani?" Akasema, "Mwalimu, kamati ndiyo iliyochagua mahali." Nikamwomba, kabla sijatoa chochote, ampigie simu mchungaji wa huko.

Alirudi baada ya siku tatu, amenyamaa kidogo. Mchungaji alikuwa ameshukuru sana, kisha akasema kwamba Agosti watu wake huwa wamehamia mbali na mifugo, na kijijini hubaki wazee na watoto wachache. Aliomba waje Desemba, wasizidi sita, na mmoja wao awe anajua kutengeneza pampu ya kisima. Nilitoa mchango wangu. Kamati, nilivyosikia mara ya mwisho, ilikuwa bado inavutana, kwa kuwa watu arobaini walikuwa wamekwisha kulipa nauli ya Agosti.