Mkono Umejua, Lakini Cheti Hana

Wazazi wapenzi, juma hili tuzungumze habari ya kijana wenu aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, naye sasa anakaa Keko.

Keko iko upande wa Temeke. Watu huijua kwa vitanda na makabati yapangwayo kando ya barabara. Lakini si maseremala tu waliopo. Asubuhi utawaona vijana wakimfuata fundi bomba, spana mkononi. Huitwa saidia fundi. Huchimba mitaro, hubeba mabomba na kukata nyuzi. Aliye na macho mepesi, baada ya miaka michache mkono wake umekwisha jua kazi.

Mkono umejua, lakini cheti hana. Mwenye kujenga nyumba kubwa humwuliza, “Cheti kiko wapi?” Kijana hunyamaza. Basi hulipwa ujira wa kibarua, hata kama kazi yote ameifanya yeye.

Msidhani kuulizwa cheti ni kuonewa. Kazi ya bomba inagusa uhai wa watu. Maji yakikatika, bomba lililofungwa vibaya karibu na shimo la choo huweza kuvuta uchafu kwa kiungo kinachovuja. Maji yakirudi, uchafu huo huja mpaka kikombe cha mtoto. Kipindupindu hupita katika maji ya namna hiyo, na Dar es Salaam iliugua sana mwaka 2015.

Basi, kijana afanyeje? Jirani na Keko, pale Chang'ombe, kiko chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Njia ni mbili. Asiyejua kazi huomba nafasi ya kusoma. Vyeti vina ngazi tatu, naye huanza ya kwanza. Aliyejifunzia kazini aulize habari ya kurasimisha ujuzi. Hupimwa kwa vitendo, hufundishwa pale alipopungukiwa, na akifaulu hupewa cheti. Miaka yake ya kubeba mabomba haipotei.

Jambo moja alishike: cheti si ruhusa ya kugusa bomba kuu. Kuunganisha maji bila idhini ya mamlaka ya maji ni kosa kwa sheria, hata mwenye nyumba akimwahidi fedha nyingi.

Nanyi mlio na kijana bado nyumbani, msiuze mbuzi kwa nauli ya Dar es Salaam kabla hamjauliza karibu. Vyuo vya VETA viko mikoani pia, kama Tabora, Songea na Mtwara. Ulizeni kwanza kama ufundi bomba unafundishwa huko, ada ni kiasi gani, na maombi hupokelewa lini.

Aliye Keko mpigieni simu leo. Mwambieni asiache spana yake, ila atenge siku moja aende Chang'ombe kuuliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.