Si Mila, Ni Pasipoti

Juzi asubuhi redioni alialikwa mwenye wakala wa kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Saudia. Mtangazaji akamuuliza kwa nini mabinti wetu wanarudi na makovu, na wengine wanarudi ndani ya jeneza. Jibu alikuwa nalo mdomoni: hawajafunzwa vya kutosha utamaduni wa Waarabu. Serikali iongeze siku za mafunzo, na mabinti waache ujeuri, maana ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wasikilizaji wakapiga simu kumuunga mkono, mmoja baada ya mwingine.

Huo ni uongo, na sisi wa Mombasa ndio tunaoujua vizuri zaidi. Mabinti wangapi wa Kisauni, Likoni na Majengo wameshakwenda Riyadh na Jeddah? Hao wamevaa buibui tangu utotoni. Wamesoma madrasa, wanafunga Ramadhani, wanajua mgeni hupokewa kwa kahawa na tende, wanajua mwanamke hakai faragha na mwanamume asiye maharimu wake. Kama tatizo ni mila, hawa wangerudi salama salimini. Mbona wanateswa sawasawa na wenzao wa Kakamega na Murang'a?

Binti wa jirani yangu alihitimu Kurani kabla hajamaliza shule ya msingi. Alipofika Dammam, hata begi hajalitua, mama mwenye nyumba akanyoosha mkono kudai pasipoti. Ikafungiwa kabatini pamoja na simu yake. Kazi ilianza alfajiri ikaisha saa saba za usiku, na chakula chake kilikuwa kile kilichobaki kwenye sinia baada ya watoto kunawa. Alipouliza mshahara wa miezi iliyopita, aliambiwa amekwishanunuliwa. Alipokimbilia ofisi ya wakala, wakapiga simu gari lije limrudishe palepale. Sala tano alizisali humo jikoni, akielekea kibla kilekile wanachoelekea waajiri wake. Ni mila ipi ambayo binti huyu hakuijua?

Kilichomfunga ni kafala. Chini ya mfumo huo, kibali cha mfanyakazi kukaa nchini kimo mkononi mwa mwajiri, yaani kafili wake. Binti akitoka nyumbani bila ruhusa, mwajiri huripoti kwamba ametoroka, na kuanzia hapo aliyedhulumiwa ndiye anayesakwa na polisi. Mwaka 2021 Saudia ilipolegeza masharti ili wafanyakazi waweze kubadili mwajiri, wa nyumbani waliachwa nje. Sheria ya kazi haiwahusu. Wametengewa kanuni zao za pembeni. Kanuni hizo zinamkataza mwajiri kushika pasipoti, lakini ni mkaguzi gani atakayeingia chumbani mwa mtu kufungua kabati?

Serikali yetu yenyewe iliripoti kwamba Wakenya 89 walikufa Saudia katika miaka ya 2020 na 2021, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Vifo vingi viliandikwa kuwa moyo ulisimama. Hawa ni wasichana waliopimwa damu, mapafu na mkojo kabla ya kupewa viza, wakaonekana wazima. Atakayeniambia kwamba mioyo yao ilisimama kwa sababu hawakujua kumimina kahawa ya Kiarabu, aje aniambie mbele ya mama zao.

Kwa wanaosema tuige Ufilipino, tuitazame basi. Nchi hiyo imewalazimisha wafanyakazi wake kuhudhuria semina kabla ya kusafiri tangu miaka ya 1980. Ni mataifa machache yanayoandaa watu wake kama hilo. Hata hivyo, Februari 2018 mwili wa yaya wa Kifilipino ulikutwa ndani ya friza katika nyumba iliyohamwa huko Kuwait. Manila haikuongeza somo la adabu. Ilizuia watu wake kwenda Kuwait mpaka Mei mwaka huo, ulipotiwa saini mkataba wa kuwaruhusu wafanyakazi kubaki na simu zao na kuwazuia waajiri kushika pasipoti. Manila waliujua ugonjwa ulipo.

Nimeingia katika chuo kimoja cha mafunzo hayo. Mabinti walikuwa wamepanga foleni wakipiga pasi kanzu moja nyeupe kwa zamu. Ubaoni paliandikwa: usimtazame baba machoni, usijibu, usilie mbele ya watoto, tabasamu. Nikauliza nani ameuona mkataba wake. Hakuna aliyeinua mkono. Waliambiwa watatia saini uwanja wa ndege, usiku wa safari, kwenye karatasi iliyoandikwa Kiarabu. Na hayo ndiyo mafunzo ambayo wasichana wengine huyalipia kwa pesa za mbuzi waliouzwa na baba zao.

Tazameni upande wa pili. Mzungu akiletwa Nairobi kusimamia kampuni, hupewa semina ya mila zetu ili astarehe. Amelipiwa nyumba, karo ya watoto na tiketi ya likizo, na pasipoti anaishika mwenyewe. Akigombana na bosi, kesho yuko ndani ya ndege. Semina yake ni ya kumfungulia mji. Ya binti yetu ni ya kumfunga mdomo. Na sisi wenyewe wa Nyali na Kileleshwa, tunaomfungia yaya geti kwa kufuli tukienda kazini na kumcheleweshea mshahara hata miezi mitatu, tujue kwamba jeuri ya mwajiri haina kabila.

Yuko anayebisha kwamba wasichana hawajui kutumia mashine ya kufulia, kwa hiyo mama mwenye nyumba lazima atakasirika. Hoja hii ni ya aibu. Tangu lini shati lililochuja rangi likawa sababu ya kumchoma mtu kwa pasi?

Anayetaka mafunzo aanze na mwajiri. Asome yeye kwamba mtu hulala, hula, hulipwa na hupumzika, ndipo aruhusiwe kuleta mfanyakazi. Binti afunzwe mkataba wake kwa Kiswahili, aijue kwa moyo namba ya ubalozi, na nakala ya pasipoti ibaki kwa wazazi wake. Serikali isipeleke hata mtu mmoja pale ambapo wakala hawezi kushtakiwa kwa kumrudisha binti kwa mtesi wake. Mpaka hayo yafanyike, kila siku inayoongezwa kwenye somo la mila ni siku ya kumzoesha binti yetu kunyamaza akipigwa, na wanaoidai wanajua fika nani anafaidika na ukimya huo.