Taa ya shimoni inakaguliwa, ya nyumbani je?



Kabla ya kuanza zamu unapita kwanza kwenye chumba cha taa. Taa yako ya kofia ina namba yake, betri yake imejazwa umeme, waya wake umetazamwa na kioo chake kimefutwa. Ikiwa na kasoro hupewi, na hakuna shefu atakayekuruhusu kushuka na taa ya kuazima. Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1815 Humphry Davy wa Uingereza alitengeneza taa ya wachimbaji wa makaa ya mawe, yenye utambi na mwali uliofungiwa ndani ya wavu wa waya, na migodi ikaanza kuweka mtu wa kazi hiyo tu: kusafisha taa, kuzijaza mafuta, kupunguza tambi na kuzifunga vizuri. Wazee waliofanya kazi na Wabelgiji wanamjua kwa jina la lampisti. Hakuwa na cheo kikubwa, lakini bila mkono wake hakuna aliyeshuka.

Sasa nakuuliza: ukirudi nyumbani jioni, lampisti wako ni nani?

Umeme wa Bendera, ule unaowasha taa za Kalemie, haujaingia katika nyumba zetu za huku Niemba. Wenye taa za jua wapo, na kila mwaka wanaongezeka, nami nafurahi kuona hivyo. Lakini wingu likikaa siku tatu wakati wa mvua, au betri ya bei rahisi ikichoka, wote tunarudi kwenye petroli, na taa ya petroli haiwi nzuri kuliko utambi wake. Nimeingia katika nyumba nyingi za kambi kwa sababu ya chanjo na wagonjwa. Nimeona tambi za kipande cha blanketi, tambi za kamba ya kiatu, tambi fupi zisizogusa chini ya tangi, na tambi zenye ukoko mweusi mgumu kama ule wa sufuria ya ugali. Mwenye nyumba analaumu petroli, analaumu taa, analaumu mwenye duka. Utambi haulaumu hata siku moja.

Maoni yangu ni kwamba utambi wa nyumbani uingie katika mambo ya usalama wetu, pamoja na kofia na viatu. Wapo watakaosema kampuni haina habari na yanayotendeka nyumbani kwa mtu. Sikubali. Kifua unachokwenda nacho kazini ndicho unacholala nacho usiku.

Vumbi la mawe yenye kwarzi likishuka ndani sana ya mapafu halitoki tena. Linaacha makovu, na mwenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Ndiyo maana tunamwaga maji kabla ya kutoboa na kukudai uvae barakoa. Baada ya kazi hiyo yote, unakwenda kukaa saa nne katika chumba kilichofungwa dirisha kwa ajili ya mbu, mbele ya taa inayotoa moshi. Mwaka 2012 wataalamu waliopima taa za utambi walikuta kwamba taa ya wazi, ile ya kopo ambayo wengine huiita koroboi, hugeuza asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yake kuwa masizi meusi. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 800 hivi. Basi kila lita unayowasha kwenye kopo inatoa gramu 56 hadi 72 za masizi. Mengine yanapaka dari. Mengine unayavuta wewe, mkeo, na mtoto anayesoma akiwa ameinamisha uso juu ya taa. Asubuhi tia kitambaa safi puani mwa mtoto, utaona mwenyewe.

Hapa niseme neno moja kabla sijaeleweka vibaya. Mtu asije akasema, “Kikohozi changu ni cha taa, mganga ameandika.” Ukikohoa wiki mbili, au ukitoa makohozi yenye damu, au ukikonda na kutoka jasho usiku, njoo upimwe makohozi, hata kama taa yako ni mbaya kuliko zote za kambi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2014 likishauri watu waache kutumia petroli nyumbani. Nakubaliana nalo kabisa. Lakini ushauri huo hauwashi taa usiku wa leo, kwa hiyo turudi kwenye utambi.

Watu wengi hufikiri kwamba utambi ndio unaowaka. Sivyo. Utambi ni mpagazi tu. Kati ya nyuzi za pamba kuna nafasi ndogo sana, na mafuta hupanda yenyewe katika nafasi hizo kama chai inavyopanda katika kipande cha mkate. Yakifika juu, joto linayageuza kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaoshika moto. Maadamu mafuta yanafika bila kukatizwa, pamba haiungui haraka. Mafuta yakikosa kufika, moto unakula pamba yenyewe, ukoko unajengeka, mwali unatoa pembe upande mmoja na kioo kinakuwa cheusi. Wewe unapandisha utambi ili upate mwanga, na moshi unazidi.

Kwa nini mafuta yasifike? Mara nyingi ni kwa sababu tangi liko karibu tupu, nasi tunangoja mwisho wa mwezi. Mara nyingine petroli ina takataka, na utambi umezikusanya kwa miezi kama kichujio mpaka nafasi zake zimeziba. Au utambi una maji. Ukisikia taa inalia na kurusha cheche ndogo, ni maji. Au si pamba. Kitambaa cha nailoni hakinyonyi mafuta, kinayeyuka na kutoa moshi mkali, na vitambaa vingi tunavyouziwa siku hizi kwa jina la pamba vina uzi wa namna hiyo ndani. Tulikuwa na kiwanda cha pamba hapo Kalemie, Filtisaf, kilichosokota uzi na kufuma nguo. Leo kimekufa, na hata utambi wa taa tunaungoja utoke mbali.

Kubadili utambi si kazi ngumu, lakini ina utaratibu wake. Zima taa, uiache ipoe kabisa. Toa utambi wa zamani uende nao dukani, kwa maana upana lazima uwe ule ule. Ukiwa mwembamba kuliko mdomo wa taa, pembeni inabaki nafasi, na moto unaweza kupita hapo kwenda kwenye mvuke ulio ndani ya tangi. Ukiwa mnene, unabanwa na mafuta hayapandi. Uanike juani kwanza, kwa sababu pamba hunywa unyevu wa hewa hata ikiwa bado dukani. Uingize mpaka meno ya kigurudumu yaushike sawasawa pande zote mbili, la sivyo utapanda mshazari. Kata kichwa chake kwa mkasi mkali, mstari ulionyooka, kisha punguza kidogo ncha mbili za pembeni. Hizo ndizo zinazozaa pembe za moto. Jaza petroli, na sasa ngoja. Robo saa nzima ngoja. Anayewasha utambi mpya kabla haujalowa mpaka juu anauunguza usiku ule ule, kesho anasema maduka yanauza tambi mbaya.

Ukiwasha, acha mwali chini dakika chache mpaka kioo kipate joto, ndipo uupandishe. Mwali mzuri ni mpana, umetulia, hauna pembe na hauachi alama juu ya kioo. Kila baada ya siku mbili au tatu, taa ikiwa baridi, futa ukoko kwa kitambaa kikavu, usivute nyuzi. Mafuta yasipungue chini ya robo ya tangi. Utambi ukiwa mgumu, au ukifupika hata haugusi chini, badili. Wanaokaa na utambi mmoja mwaka mzima wanapoteza petroli, na petroli ndiyo yenye bei, si utambi.

Taa ya kopo siwezi kuisifu. Haina kioo wala kigurudumu, na kifuniko chake huchomoka ikianguka. Aliye na uwezo wa kununua lampi tempeti anunue hiyo. Asiye na uwezo, utambi wake utokeze kidogo tu, kama kichwa cha kiberiti. Ukiuvuta juu ili upate mwanga zaidi unapata masizi zaidi. Kopo liwe na kitako kipana, likae mbali na chandarua.

Kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa mgodi na karakana hasa. Kamba nyeupe zilizofungwa kwenye mabomba na matanuru ya zamani ili kuzuia joto, usizilete nyumbani kuwa utambi wa taa wala wa resho. Nyingi ni za amianti. Ni kweli haziungui, na zamani maresho mengine yaliuzwa na utambi wa amianti, lakini ukizikata na kuzichambua zinatoa vumbi linaloleta saratani ya mapafu, na ugonjwa huo huonekana baada ya miaka 20, 30 au zaidi.

Vijana nao wamenionyesha sigara ya umeme iliyotoka mjini. Ndani yake kuna waya uliosokotwa na utambi wa pamba, na wengine wanajivunia kubadili vyote viwili wenyewe. Nilicheka kidogo, kwa sababu sheria ni ile ile: pamba ikikauka inaungua, nawe unavuta moshi wake moja kwa moja kifuani. Mmoja alitumia waya wa kuokota, uliopakwa zinki. Waya huo ukipata moto mkali hutoa mvuke unaoleta homa, kila fundi wa kuchomelea anajua. Kifua kilichokwisha kubeba vumbi la mawe hakihitaji mchezo huo.

Nirudi kwenye petroli. Petroli safi haitoi mvuke wa kushika moto mpaka ipate joto la digrii 38 au zaidi. Esansi hutoa mvuke huo hata penye baridi ya barafu. Ndiyo maana bidoni lililobeba esansi lisitiwe petroli ya taa, hata likioshwa, na petroli yenye harufu ya esansi irudishwe ilikotoka. Wala usiijaribu kwa kiberiti.

Na taa inayowaka haiongezwi mafuta. Kambini nilikofanya kazi kabla ya kuja huku, msichana wa miaka 9 aliambiwa aongeze mafuta bila kuzima, kwa sababu baba alikuwa akiandika na hakutaka kukaa gizani. Mvuke ulishika moto, bidoni likamwagika juu ya mikono yake. Nyumbani walimpaka mawese, halafu dawa ya meno, na dispansari ilitumia saa nzima kuyaondoa huku analia. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havinyooki. Giza ambalo baba yake alikwepa ni la dakika mbili.

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, vua pete na bangili kabla hajavimba, funika kwa kitambaa safi, njoo. Usipake kitu. Na mtoto akinywa petroli, usimtapishe, usimpe maziwa wala mawese. Petroli inaharibu mapafu zaidi inaporudi juu kwa kutapika. Mlete mara moja hata kama anacheza. Petroli ikikaa katika chupa ya Fanta, mtoto ataiona kuwa Fanta.

Sasa nageukia wakubwa wetu. Kantini inauza sabuni, mchele na dagaa. Naomba iuze pia tambi za pamba za upana unaotumika hapa, pamoja na vioo vya lampi tempeti, kwa bei ile ile ya kununulia. Mzigo huo hauwezi kujaza hata kona ya ghala. Na mkutano wa usalama wa kila mwezi uchukue dakika tano kuuliza habari za taa za nyumbani.

Nanyi wababa, kazi hii msiwasukumie mama. Ninyi ndio mliofundishwa kukagua taa kila siku, na kukataa iliyo na kasoro. Jumamosi asubuhi, baada ya kupima watoto uzito, nitakaa chini ya mti ulio nyuma ya dispansari. Leteni taa zikiwa baridi, na utambi mpya kama mmeupata. Mkasi ninao.